Feni Inavuma, Kompyuta Haisogei



Miongoni mwa barua zilizoifikia safu hii juma hili imo moja itokayo Akheri, kule juu ya Tengeru, ambako njia huiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kuupanda Mlima Meru kati ya migomba na mibuni. Aliyeiandika ni baba wa familia. Anaeleza kwamba miaka miwili iliyopita yeye na mkewe walikusanya fedha za kahawa, pamoja na zile za ndizi ambazo mama huzipeleka soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, wakashuka Arusha mjini na kununua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya binti yao aliye chuoni. Kompyuta ilifanya kazi vizuri. Sasa binti yuko mwaka wa mwisho, anaandika ripoti ya utafiti wake, na chombo kimegeuka kuwa mzigo. Kikiwashwa huchukua karibu robo saa kabla ya kukubali amri yoyote, feni yake huvuma kama mashine ya kusaga, tumbo lake huunguza mapaja, na herufi iliyobonyezwa hutokea baada ya mtu kukohoa mara mbili.

"Fundi wa kwanza," anaandika baba huyo, "aliniambia, 'Mzee, mazabodi imechoka, lete laki tatu na nusu, ama uiuze vipuri.' Wa pili akasema ifutwe yote, ianze upya. Ripoti ya binti imo humo humo, na inatakiwa mwisho wa mwezi. Naomba ushauri: tuuze, tutengeneze, au tufute?"

Jibu letu ni kwamba wasiuze, wala wasifute, wala wasilipe shilingi, hadi lijibiwe swali moja ambalo hapana hata mmoja kati ya mafundi hao wawili aliyeliuliza. Swali lenyewe ni hili: ni nani anayeifanyisha kazi prosesa? Hujibiwa kwa dakika chache, nyumbani, bila gharama. Na kwa kuwa barua za namna hii zimekuwa nyingi, kutoka kwa walimu, makarani, na wazazi waliojinyima ili mtoto apate chombo cha kusomea, ni vema tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Kwanza lakini, ripoti. Kabla ya kugusa kitu chochote kingine, binti aisubiri kompyuta ifunguke hata ikichukua robo saa, kisha ainakili ripoti yake mahali pawili: kwenye flashi, na kwa kujitumia mwenyewe katika barua pepe. Kompyuta inayozidiwa na joto inaweza kuzimika wakati wowote, na diski ya zamani inaweza kufa bila kuaga. Kazi ya miezi minane isikae katika chombo kimoja, hasa kilicho mgonjwa.

Sasa tuje kwenye prosesa. Hiki ni kipande kidogo ndani ya kompyuta ambacho hupiga hesabu zote. Kila herufi unayoiandika, kila picha unayoiona, kila wimbo unaousikia ni hesabu iliyopita hapo. Prosesa ya gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni mbili katika kila sekunde. Mfumo endeshi, ambao katika kompyuta nyingi za majumbani kwetu ni Windows, huigawia kazi kwa zamu, programu hii kidogo na ile kidogo, kwa kasi kubwa hata tukadhani zote zakwenda pamoja. Ile asilimia inayotajwatajwa na mafundi ni kipimo cha shughuli yake. Ikisomeka asilimia 5, ni kama kusema kwamba katika kila dakika moja prosesa ilishughulika kwa sekunde 3 na kukaa bure sekunde 57. Ikisomeka asilimia 100, haikupata hata nafasi ya kuvuta pumzi, na programu yako imesimama katika foleni pamoja na nyingine zote. Hapo ndipo herufi huchelewa.

Asilimia 100 peke yake si ugonjwa. Kijana anayeunganisha picha za video ya harusi ataiona prosesa yake ikifika huko na kukaa huko saa nzima, na ni haki yake, kwani ndiyo kazi aliyoipa. Jambo la kutia shaka ni prosesa kufika huko wakati mwenyewe umekaa kimya, hukufungua kitu, hukubonyeza kitu. Hiyo ni homa. Na mganga wa zahanati aliyefundishwa hatibu homa. Hupima damu aone kama ni malaria au ni jambo jingine. Fundi aambiwaye "inakwenda polepole" akajibu "mazabodi" bila kupima amefanya kama muuza dawa atoaye vidonge dirishani kwa kumtazama mtu usoni.

Taifa letu lenyewe liliwahi kulipa ada ya somo hili. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa kuliko ujuzi uliokuwapo, gharama zikawa nzito, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wako wanaoicheka amri ile leo. Mimi nadhani amri ilikuwa kali kupita kiasi, na iliwachelewesha vijana wengi. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa halali, yaani tunalipia nini, na ni nani kati yetu ajuaye kinachotendeka ndani ya sanduku hili? Nusu karne baadaye Tengeru ina Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na kufundisha shahada za juu, na bado nyumba iliyo kilomita chache juu yake mlimani haina wa kumuuliza swali hilo hilo.

Basi tupime. Washa kompyuta, kisha iache dakika kumi bila kuigusa. Jambo hili la kusubiri ni muhimu, maana kila kompyuta ikiwashwa huwa na shughuli nyingi za mwanzo, na mtu anayepima wakati huo hupata jibu la uongo. Zikipita dakika hizo, bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu, Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager, ambalo ni daftari la mahudhurio la programu zote zinazofanya kazi wakati huo. Ikiwa limefunguka dogo, bonyeza maneno "More details" chini yake. Utaona safu zenye vichwa "CPU", yaani prosesa, "Memory", yaani kumbukumbu ya muda, na "Disk". Bonyeza kichwa cha "CPU", na programu zitajipanga, mlaji mkubwa kabisa akiwa juu. Kompyuta nzima iliyotulia hukaa chini ya asilimia kumi hivi. Ukikuta sabini, themanini, mia, lisome jina lililo juu, uliandike kwenye karatasi. Usilifunge bado.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Ukiingia sehemu iitwayo "Details" utalikuta jina "System Idle Process" limeshika asilimia tisini na kitu. Wako watu wazima wenye elimu yao waliolikuta jina hili wakatoka jasho. Hilo si jina la mlaji. Ni kipimo cha muda ambao prosesa imekaa bure, kwa hiyo likiwa na asilimia 95 ni habari njema. Fundi akikuonyesha mstari huo kama ushahidi wa ugonjwa, mshukuru kwa muda wake na uchukue kompyuta yako.

Katika nyumba zetu mlaji wa kwanza anayestahili kushukiwa si mwizi wala si virusi. Ni kazi halali iliyolimbikizana. Windows ilitengenezwa kwa kudhani kwamba kompyuta huwashwa kila siku na imeunganishwa na intaneti saa zote. Katika saa za utulivu hujifanyia usafi: hupakua marekebisho, hukagua mafaili yote kutafuta virusi, hupanga orodha ya kila kilichomo ili ukitafuta kitu ukipate upesi. Lakini mpakato wa familia nyingi hukaa kabatini tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na huwashwa Jumamosi jioni, kwa bando la saa moja, binti akiwa na haraka. Mara tu inapowashwa, kazi za juma zima hukimbilia mlangoni kwa pamoja. Marekebisho huanza kupakuliwa, bando likaisha njiani, kompyuta ikazimwa, na Jumamosi ijayo yakaanza tena. Hivyo mwenye kompyuta hukutana nayo katika saa zake mbaya tu, asizione kamwe zile saa njema. Katika daftari lile utayaona majina kama "Antimalware Service Executable", ambalo ni mkaguzi wa virusi wa Windows yenyewe, au "Windows Modules Installer Worker", ambalo ni mpakaji wa marekebisho. Hao usiwaue. Wape usiku mmoja. Nunua kifurushi cha usiku chenye ukubwa wa kutosha, unganisha chaja, iweke kompyuta juu ya meza tupu, uizuie isilale, kisha nenda ukalale wewe. Asubuhi iwashe upya. Kwa kompyuta nyingi zilizolalamikiwa katika safu hii, naamini dawa ingeishia hapo.

Nimesema iwashe upya, na sikusema izime. Mambo haya mawili si sawa, ingawa kwa akili ya kawaida yangepaswa kuwa sawa. Windows za miaka hii, ili ziwahi kufunguka, hazizimiki kabisa ukichagua "Shut down". Huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirudisha hivyo hivyo ukiwasha. Kosa lililokuwamo Jumatatu linaweza kuamka nawe Ijumaa. Ukichagua "Restart" ndipo kila kitu huanza upya. Wale wenye desturi nzuri ya kuzima kila jioni ili kutunza umeme ndio hasa ambao kompyuta zao zaweza kukaa mwezi mzima bila kuanza upya kwa kweli.

Mlaji wa pili ni kivinjari, yaani ile programu ya kutembelea intaneti. Kila ukurasa ulioachwa wazi ni mgeni aliyekaa sebuleni, na baadhi yao wana matangazo yanayocheza na picha zinazokwenda hata pasipo mtu wa kuzitazama. Funga kurasa usizozihitaji. Ondoa nyongeza ambazo hukumbuki uliziweka lini. Hapa hapana la zaidi.

Tazama pia kile kiitwacho "Startup" katika dirisha lile lile. Hiyo ni orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe kompyuta inapowashwa, na aghalabu nusu yake haina sababu ya kuwapo. Zima zile unazozijua, ziache usizozijua hadi uulize. Na kama ndani ya kompyuta mna antivirusi mbili zilizowekwa kwa nyakati mbalimbali na watu mbalimbali, chagua moja. Walinzi wawili wa mlango mmoja hukaguana wao kwa wao usiku kucha.

Ikiwa jina lililo juu ni "System interrupts", chomoa kila kilichochomekwa, flashi, kipanya, printa, kimoja baada ya kingine, ukitazama asilimia. Ikishuka ghafula, mkosaji unaye mkononi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niipe barua hii nafasi yote ya leo. Tangu fedha za tarakimu zishike kasi duniani, wapo watu wanaozalisha fedha hizo kwa hesabu nyingi zisizokoma, na hesabu huhitaji prosesa na umeme. Wajanja wakaona ni rahisi zaidi kutumia prosesa na umeme wa mtu mwingine. Tangu mwaka 2017 hadi Machi 2019 palikuwapo huduma iitwayo Coinhive, ambayo mwenye tovuti aliweza kuiweka katika kurasa zake ili kila mgeni wake achimbe fedha kwa ajili yake akiwa amefungua ukurasa huo. Huduma ile ilifungwa, ila mbinu haikufa. Leo huja zaidi ndani ya programu za wizi: ile programu ya kuandikia au ya kuchorea ambayo ni ghali dukani, nawe ukaipata bure katika flashi ya rafiki pamoja na kijiprogramu cha kuifungua kufuli. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika hujazwa programu za aina hiyo kabla hazijamfikia mnunuzi, na muuzaji huona amekufanyia hisani. Mchimbaji wa siri akiwa ndani, prosesa hukesha ikimfanyia kazi mtu usiyemjua, feni huvuma, betri hufa kabla ya siku zake, na umeme wa mita yako ndio unaolipa.

Wachimbaji hawa wana hila. Baadhi yao huangalia kama dirisha la Task Manager limefunguliwa, na likifunguliwa hunyamaza. Kwa hiyo masikio yako ni kipimo kizuri kuliko macho. Kompyuta ikiwa imetulia bila kazi na feni inavuma kwa nguvu, fungua dirisha lile uliache wazi dakika mbili tatu. Feni ikipoa, lifunge, usubiri. Ikianza kuvuma tena, na mchezo huo ukijirudia mara tatu nne, una sababu nzuri ya kumshuku mchimbaji.

Dawa yake ni hii. Ondoa kwanza programu zote za wizi pamoja na vifungua kufuli vyake. Kisha fungua sehemu ya usalama ya Windows, tafuta ukaguzi uitwao "Microsoft Defender Offline", uuamuru uanze. Kompyuta itajizima na kufanya ukaguzi kabla Windows haijaamka, ili kilichojificha kisipate mahali pa kusimama. Huchukua kama robo saa, na zaidi katika kompyuta nzito. Ukimaliza, badilisha maneno yako ya siri ya barua pepe na ya benki, ukitumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi, kwa maana aliyeweza kuingiza mchimbaji aliweza pia kuingiza msikilizaji. Na ikiwa baada ya hayo yote mchimbaji amerudi, hapo ndipo ushauri wa fundi wa pili, wa kufuta yote na kuanza upya, unapokuwa sahihi. Alikuwa na dawa iliyopo kweli. Kosa lake ni kuitoa kabla ya kupima, na bila kuuliza ripoti iko wapi. Wakati wa kurudisha vitu, rudisha maandishi na picha tu. Programu zipatikane upya kutoka kwa waliozitengeneza, na kwa kuandika ripoti iko LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa haki na haihitaji mtu avunje kufuli.

Yawezekana hata hivyo daftari likaonyesha kwamba hapana mlaji mkubwa: programu ndogo ndogo tu, na bado jumla ni asilimia 100. Usishangae. Asilimia hupima shughuli, haipimi uwezo. Mfanyakazi aliyefungwa mkono mmoja atashughulika kutwa nzima kwa kazi ya saa mbili. Ingia sehemu ya "Performance" katika dirisha lile lile, usome mahali palipoandikwa "Speed", ukilinganisha na "Base speed". Ikiwa prosesa ya gigahezi 2.4 imekwama kwenye 0.4 au 0.8, na haipandi hata ukiipa kazi, basi kuna kitu kimeifunga mkono, na kitu hicho ni kimoja kati ya vitatu: mpango wa kubania umeme, chaja, au joto.

Mpango wa kubania umeme huondolewa katika mipangilio, nao si tatizo kubwa. Chaja ni habari nyingine. Baadhi ya kompyuta mpakato huzungumza na chaja zake. Zikikuta chaja isiyojulikana au isiyo na nguvu ya kutosha, hujipunguzia kasi kwa makusudi ili zisiidhuru. Mtu huunguza chaja yake ya asili, hununua nyingine mezani kwa bei ya kutupa, kompyuta inawaka, na hapati kamwe kuunganisha jambo hilo na uzito ulioanza juma lile lile. Kagua maandishi ya chini ya chaja: volti na ampea za kutolea zilingane na zilizoandikwa kwenye kompyuta, volti ziwe zile zile, ampea zisipungue. Na wale wanaolaumu umeme mdogo wa jioni, wasome mstari wa juu katika maandishi hayo hayo. Chaja nyingi hukubali volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukishuka kidogo chini ya 230 zetu za kawaida, chaja haijali.

Joto ndilo la mwisho, nalo ni la kawaida kuliko yote katika kompyuta zilizopita miaka minne. Prosesa inapokaribia nyuzi 90 hadi 100 za Sentigredi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Akheri ina hewa ya mlimani ambayo mtu wa Dar es Salaam angeilipia, lakini hewa baridi haisaidii ikiwa haipiti. Udongo wa Meru ni wa volkano, na vumbi lake jepesi la miezi ya kiangazi huingia na feni, likajikusanya nyuma yake kama blanketi dogo lililoziba njia ya hewa moto. Ongeza moshi wa jikoni, ongeza desturi ya kuiweka kompyuta juu ya kitanda au mto, na tundu la chini limeziba pia. Kusafisha ni kazi ya fundi mwangalifu kwa muda wa saa moja: kufungua, kupuliza vumbi huku feni imeshikwa isizunguke ovyo, na kupaka upya ile pesti kati ya prosesa na chuma cha kupozea, ambayo hukauka kwa miaka. Akifungua, na aitazame betri pia. Ikiwa imevimba, itolewe siku hiyo hiyo, wala mtu asijaribu kuitoboa, kwani inaweza kuwaka moto.

Kwa upande wa safu zile nyingine mbili nitasema kwa ufupi. Ikiwa "Memory" imekaa juu ya asilimia 90 muda wote, kompyuta ina njaa ya kumbukumbu, na kuongeza kutoka gigabaiti 4 hadi 8 kutaisaidia. Ikiwa "Disk" ndiyo inayosoma 100, na diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, kuibadilisha kwa diski ya SSD ndiyo shilingi yenye faida kuliko zote unazoweza kuitumia kwa kompyuta ya zamani. Na mwenye Windows 10 ajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025; ikiwa kompyuta haikidhi masharti ya Windows 11, iko mifumo huria ya Linux ambayo haina gharama na ni myepesi kwa mashine kongwe. Hilo lakini lisubiri hadi ripoti ikabidhiwe. Nyumba haibomolewi usiku wa kuamkia harusi.

Kwa ndugu yetu wa Akheri basi, baada ya usiku mmoja wa kifurushi na asubuhi moja ya kupima, akiona hapana budi kumrudia fundi, aende na karatasi aliyoiandika: jina lililokuwa juu, asilimia yake, kasi iliyosomeka kwenye "Speed", na mfano wa chaja. Aende na binti, maana yeye ndiye mwenye chombo. Waombe kazi ifanyike mbele yao, na kipuri chochote kitakachotolewa warudishiwe mkononi, hata kama kimekufa. Waseme pia, kabla bisibisi haijashikwa, ni kiasi gani watalipa ikiwa dosari haikuonekana. Fundi akisema hawezi kufanya kazi akitazamwa, Arusha mjini ina mafundi wengi, na daladala za kurudi Tengeru zipo hadi usiku.